Mke wa Asubuhi Moja

Sehemu ya Kumi na Moja

Kitasa kilikuwa kinazunguka, na Yasmin bado alikuwa amesimama katikati ya sebule, kanga ya kulalia kifuani, mswaki mdomoni.

Ndiyo, msomaji, hapo ndipo pumzi zilipotukatika. Wakaguzi wa uraia walisema watafika karibu na adhuhuri. Wamefika watu hawajanywa chai.

Kwa aliyedandia gari njiani, mambo ni haya. Biubwa ni binti wa marehemu Mzee Burhani, seremala wa Unguja aliyehamia Johannesburg na mwanawe angali mdogo. Uraia wa Afrika Kusini Biubwa aliupata kabla ya kuolewa. Akaja Twalib kutoka Dar es Salaam, akamwoa, wakapata binti, Chiku. Kwa mgongo wa ndoa hiyo Twalib akaomba uraia, na maombi yakalala ofisini mwaka baada ya mwaka.

Kisha Mzee Burhani, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao, akaugua. Biubwa akarudi Unguja kumuuguza, akamuuguza mpaka akamzika. Aliporejea nyumbani kwao, mtaa wa Bertrams, alikuta vitasa vimebadilishwa, Yasmin yumo ndani, na Chiku wa miaka minne anamwita Yasmin mama.

Leo Twalib amemtoa Biubwa kwenye chumba chake cha kupanga kule Midrand kwa sharti moja: "Wakija wakaguzi, uwe mke wangu kwa asubuhi moja. Wakiondoka, ondoka na mtoto. Ukinipeleka mahakamani, nitampeleka mahali ambapo hata malaika hawatamwona."

Mama gani angekataa?

Mlango ukafunguka.

Waliingia wanawake wawili. Wa mbele alikuwa Bi Mofokeng, mnene, mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu. Wa nyuma alikuwa mwembamba, kimya, na kalamu mkononi.

"Huyu ni msaidizi wangu, Gaudence," alisema Bi Mofokeng kwa Kiingereza. "Anaandika tu. Na ninyi?"

"Mimi ndiye Twalib. Huyu mke wangu, Biubwa." Twalib aliweka mkono begani kwa Biubwa. Mkono ule ule uliomsukuma nje ya geti miezi sita iliyopita.

Macho ya Bi Mofokeng yakahamia kwenye kanga na mswaki.

"Na huyu?"

Twalib hakupepesa hata jicho. "Msichana wa kazi."

Yasmin akautoa mswaki mdomoni polepole. Mwanamke aliyelala jana kwenye kitanda cha bwana leo ni msichana wa kazi! Alimtazama Twalib, akangoja acheke, aseme ni utani. Twalib hakucheka.

"Nenda kavae," Twalib alimwambia kwa Kiswahili, huku akiwatabasamia wageni. "Nilikwambia utoke mapema, ukajifanya malkia. Sasa beba."

"Anasemaje?" aliuliza Bi Mofokeng.

"Namwambia atuwekee chai."

Gaudence aliandika. Kalamu yake haikuwa na haraka.

Walikaa. Bi Mofokeng alitangulia kuwaapisha wote wawili. Aliwaambia kwamba watakayosema pale ni kiapo, na anayedanganya anajibu mbele ya sheria, mwombaji na hata mke wa mwombaji.

"Tumeelewa," alisema Twalib.

"Nataka kumsikia mama."

"Nimeelewa," alisema Biubwa.

Maswali yakaanza. Mumeo analala upande gani? Kwa ukuta. Anapenda chakula gani? Pilau ya nguru, lakini hali tangawizi. Kovu la kifundo cha mkono alilipata wapi? Jiko la mafuta, mwaka waliooana, walipokuwa wakiishi kwenye chumba kisichokuwa na dirisha.

Kila jibu lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma Biubwa. Alikuwa anasema kweli tupu kumjengea mtu uongo.

Twalib alimpapasa bega, sauti imejaa asali. "Tabasamu," alisema kwa Kiswahili. "Sura hiyo ya msibani iache kwenu Unguja. Usipotabasamu leo, mtoto utamwona kwenye picha."

"Jamani, kasema nini?" Bi Mofokeng alikuwa ameanza kulainika.

Biubwa akatabasamu. "Kasema nimechoka, nipumzike."

"Eish, wanaume wa namna hii wamebaki wachache."

Yasmin akaingia na sinia. Alikuwa amevaa dera la zamani, kichwa amekifunga kitambaa. Vikombe viligongana.

"Huyu dada analala humu humu?" aliuliza Bi Mofokeng.

Jibu lilikuwa fupi: ndiyo, analala chumba cha nyuma. Lakini mwongo akipata njia huwa hajui pa kusimama. Twalib aliona mkaguzi amemkubali, akataka kupendwa zaidi.

"Tulimwokota," alisema kwa Kiingereza chake safi. "Kule kwetu waume wawili walimwacha. Mgumba, mama. Mti usiozaa. Nani angemchukua? Mke wangu akasema, tumpe angalau sakafu ya kufagia."

Sinia likainama. Yasmin alilishika.

Siri ile Yasmin hakumwambia mtu mwingine duniani. Alimwambia Twalib, kifuani pake, akilia, na Twalib akamfuta machozi akisema, "Chiku si yupo? Chiku ni wako." Kiingereza Yasmin alikisikia vizuri, na neno moja halikumpita.

Biubwa naye alisikia. Je, alimhurumia mwanamke mwenzake?

Hapana.

Alipokea kikombe, akakiinamisha kidogo tu, chai ikamwagika juu ya zulia. "Yasmin, huoni?" alisema kwa Kiingereza, ili wote wasikie. "Piga magoti ufute."

Yasmin alibaki amesimama.

"Nimesema ufute."

Yasmin akapiga magoti. Akafuta kwa kitambaa alichokivua kichwani. Biubwa akaitazama shingo ile iliyoinama na kifua chake kikajaa utamu ambao hakuwahi kuujua. Miezi sita alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala la Midrand na kulia chooni ili wenzake wasimwone. Leo acha mwingine ainame.

"Na pale, chini ya meza. Vizuri."

Ndipo mlango wa chumba ukafunguka na Chiku akatoka mbio, miguu mitupu, nywele hazijachanwa.

Biubwa akafungua mikono. Mikono ilifunguka yenyewe.

Chiku akampita kama mtu apitavyo kiti. Akajitupa mgongoni kwa Yasmin pale chini, akakumbatia shingo yake.

Bi Mofokeng akaweka kikombe chini. Aliinama, akamuuliza mtoto kwa Kizulu, taratibu: "Uphi umama?" Mama yuko wapi?

Twalib aliacha kupumua.

Chiku Kiswahili anakielewa, lakini kinywani hana ila Kizulu na Kiingereza cha chekechea. Hakufikiri. Alinyoosha kidole chenye wino wa rangi, akakigusisha kwenye shavu la Yasmin.

"Nangu umama," alisema. Mama huyu hapa.

Nje, gari la mboga lilipita likipiga honi kuelekea upande wa uwanja wa Ellis Park.

"Bwana Twalib," alianza Bi Mofokeng, na sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa imerudi.

"Ni kweli," Biubwa alidakia.

Twalib alimgeukia, macho yamemtoka. Yamekwisha, alidhani. Mke ameamua kumwaga kila kitu.

"Ni kweli, humwita mama," alisema Biubwa. "Mimi hutoka hakujapambazuka kwenda Midrand kazini. Narudi, ameshalala. Anayemwogesha ni huyu. Anayemlisha ni huyu. Mtoto humjua mama kwa kijiko. Nikimchukua mikononi hunitazama kama nimeingia nyumba ya watu." Machozi yakamshuka, na hayakuwa ya kuigiza. "Inaniua, mama. Lakini nifanye nini? Ndiyo Joburg."

Bi Mofokeng alivua miwani, akaifuta.

"Binti yangu," alisema, "alimwita bibi yake mama mpaka alipokwenda shule. Mimi akiniita kwa jina." Akavuta pua. "Tuendelee."

Twalib akaachia pumzi. Rangi ikamrudi. Na furaha ndiyo iliyomponza, maana mtu akiokoka huwa anasahau alikuwa anaogopa nini.

"Mama Chiku!" aliita kwa uchangamfu. "Sukari imesahaulika, tuletee."

Wanawake wawili wakainuka kwa pamoja.

Biubwa aliinuka kwenye kiti. Yasmin aliinuka sakafuni. Wakasimama wakitazamana, kila mmoja ameitwa kwa jina lake.

"Kaa chini, mbwa wewe," Twalib alimwambia Yasmin kati ya meno, tabasamu limeganda. "Unataka kuniua?"

Bi Mofokeng hakuelewa. Kwake ni wanawake wawili waliokwenda kutafuta sukari. Lakini kalamu ya Gaudence ilikuwa imesimama.

Yasmin hakukaa. Alimnyanyua Chiku, akamweka kiunoni, akaelekea jikoni bila kuaga. Mlangoni mtoto aligeuka, akamnyooshea Biubwa kidole kile kile.

"Sikupendi, Anti," alisema kwa Kiingereza. "Umemwaga chai makusudi."

Biubwa akaketi. Msomaji, yapo makofi ambayo hayaachi alama usoni.

Mahojiano yakaisha. Bi Mofokeng alikusanya vitu vyake, akampa Twalib mkono. "Mimi sina shaka kubwa. Mtajulishwa."

"Nikusindikizeni," alisema Biubwa. Mke mwema husindikiza wageni mpaka getini, naye aliambiwa awe mke mwema mpaka mwisho.

Bi Mofokeng alitangulia akijibu simu. Gaudence akabaki nyuma. Alifunga begi lake, akajifunga skafu, kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Asante kwa chai, dada. Sukari ndiyo ilichelewa."

Biubwa alishika nondo ya geti.

"Miye nimekulia Buyenzi, Bujumbura," alisema Gaudence. "Kiswahili ndiyo tulichezea. Tangu tumeingia nasikia yote." Alitazama barabarani, si usoni kwa Biubwa. "Mama Mofokeng hajajua. Sijamwambia bado. Anapenda kunywa kitu baridi akimaliza kazi. Gari tunaiweka pale kwenye spaza, kile kiduka cha kwenye kona. Hatuna haraka."

Akaenda zake.

Biubwa alibaki getini. Angeweza kumfuata pale pale. Lakini ndani kulikuwa na Chiku, na ahadi ni ahadi. Achukue mtoto kwanza. Mengine baadaye.

Akarudi ndani mbio.

Twalib alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya meza, kikombe kifuani. "Mashallah! Ulilia kama sinema. Hata mimi nusura nikuamini."

"Nipe mwanangu."

"Mwana gani?"

"Twalib, usinitanie. Uliniahidi."

"Nilimwahidi mke wangu." Aliinuka, akajinyoosha, akamkaribia mpaka pumzi zao zikakutana. "Na wewe si mke wangu. Kazi yako imeisha, nami sipendi kukaa na vitu vilivyokwisha kazi. Nakuacha, Biubwa. Talaka moja. Mbili. Tatu. Umesikia au nirudie kwa Kiingereza?"

Biubwa hakuanguka. Alishika ukingo wa kochi.

"Na mtoto?"

"Mtoto kasema mwenyewe mama yake ni nani. Kasema mbele ya serikali. Nenda mahakamani sasa uone! Hata mkaguzi umemwambia kwa mdomo wako kwamba humlishi, humwogeshi, hakujui." Alicheka. "Umejifunga kamba mwenyewe, mimi nilishika ncha tu."

Biubwa akasema neno moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti.

"Yule mwembamba. Mwenye kalamu."

"Kafanyaje?"

"Ni Mrundi wa Buyenzi. Kiswahili kinamtoka kama maji. Kaniambia yote kasikia."

Kicheko kilikatika. Twalib alikaa. Ungedhani amekatwa mishipa ya miguu.

"Muongo wewe."

"'Kaa chini, mbwa wewe. Unataka kuniua?' Kasikia. 'Mtoto utamwona kwenye picha.' Kasikia. Gari lao liko kwenye kona, hawajaondoka."

Twalib alikwenda dirishani, akasogeza pazia. Gari jeupe lilikuwa pale, chini ya bango la spaza. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi.

"Mke wangu," alisema.

"Nani?"

"Biubwa, sikiliza. Zile talaka nilikuwa na hasira. Utani tu. Mtu huacha mke kwa utani? Nenda kawaambie wamesikia vibaya, ni lugha ya kwetu ya mapenzi, tunatukanana tukicheka. Wewe wanakuamini. Miaka saba nimengoja karatasi hizi! Wakininyima hapa, nyumbani nitarudi na nini? Nitachekwa na Kariakoo nzima."

"Mwanangu."

"Mchukue! Mchukue sasa hivi. Yasmin!" aliita. "Yasmin, mvalishe mtoto!"

Hakujibiwa.

"Yasmin!"

Wakakimbilia jikoni. Sukari ilikuwa juu ya meza, kopo wazi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Wakakimbilia chumbani: kabati limeachama, nguo za mtoto hazipo, viatu vyake vya shule havipo, begi lake la mgongoni halipo. Kwenye kitanda dera la zamani lilikuwa limetupwa kama ngozi ya nyoka.

Biubwa alikwenda mpaka uani, akaita jina la mwanawe mara nyingi, sauti ikipanda. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta. Alisema amemwona mama na mtoto wakiingia kwenye gari la kukodi, mtoto akiwa anacheka.

Na Twalib? Unataka kujua neno lake la kwanza alipojua mwanawe hayupo?

"Wakiingia tena, sasa nitawaonyesha mtoto gani?"

Biubwa alimtazama mtu aliyezaa naye. Hakumtukana. Alivua pete, ile aliyoambiwa aivae kwa asubuhi ile, akaiacha idondoke popote, akatoka.

Alikimbia barabara yote bila viatu. Bi Mofokeng alikuwa kwenye kiti cha mbele na kopo la soda, Gaudence kwenye usukani. Biubwa akagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Nimedanganya!" alipiga kelele. "Nimedanganya, mama! Alinifukuza. Siishi naye. Yule si msichana wa kazi, ndiye mke wake anayelala naye. Na sasa ameondoka na mwanangu!"

Bi Mofokeng alishusha kioo. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Unajua unachosema? Saa hii hii uliapa mbele yangu. Nikiliandika hili, la mumeo limekufa. Lakini wa kwanza kuulizwa kwa nini alitoa kiapo cha uongo ni wewe. Unaweza kushitakiwa. Uraia wako ni wako, lakini jela haichagui raia."

"Andikeni."

"Fikiri, binti."

"Nimefikiri miezi sita. Andikeni, kisha mniitie polisi wamtafute mtoto."

Bi Mofokeng alimgeukia Gaudence. "Wewe ulijua?"

"Nilisikia," alijibu Gaudence. "Nilitaka aseme mwenyewe. Nikisema mimi, ni neno la msaidizi. Akisema yeye, ni neno la mke."

Hapo Twalib akatokea, anahema, shati limetoka kwenye suruali. Alimvuta Biubwa mkono kwa nguvu.

"Msimsikilize huyu!" alifoka kwa Kiingereza. "Ana wazimu! Namfahamu, ni mwanamke wa mtaani, amekuja kwangu kuomba msaada. Si mke wangu huyu!"

Bi Mofokeng akavaa miwani yake.

"Si mke wako?"

Twalib alimvuta Biubwa karibu naye.

"Namaanisha... ni mke, lakini..."

"Bwana Twalib, asubuhi hii nimekunywa chai yako huku ukiniapia kwamba ni mke wako wa kufa na kuzikana. Sasa nichague uongo upi? Niambie, maana yote mawili nimeyaandika."

Twalib aliachia mkono wa Biubwa. Alipiga magoti pale pale, mbele ya spaza, mbele ya wateja wenye mikate mikononi. Mkono wake ulitafuta mkono wa mkaguzi kwenye dirisha, na mkaguzi akapandisha kioo. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kreti alimpiga picha kwa simu. Watu wakacheka. Hakuna mtu anayechekwa vibaya kama mwenye kiburi aliyepiga magoti mchana kweupe.

Biubwa hakuyaona hayo. Simu yake ilikuwa inaita.

Namba ya Yasmin.

"Yasmin! Yasmin, mko wapi?"

Kulikuwa na kelele za watu, injini, mpiga debe mwenye sauti ya kukwaruza: "Musina! Musina! Mmoja tu, gari iondoke!"

"Mwambie Twalib," alisema Yasmin, na sauti yake ilikuwa tulivu mno, "mwambie mti usiozaa umepata mtoto."

"Yasmin, mdogo wangu, nisikilize. Nilikukosea. Ile chai nilimwaga makusudi, nakuomba msamaha, nitapiga magoti kama ulivyopiga. Yeye ndiye mbaya wetu wote wawili. Mtoto ana kosa gani?"

"Mtoto hana kosa. Ndiyo maana nimemchukua. Kwako wewe ni wa kugombania, kwa Twalib ni wa kuonyesha wageni. Mimi ndiye ninayejua analala akishika sikio langu."

Kwa mbali Biubwa akamsikia Chiku akiuliza jambo, na Yasmin akimjibu kwa upole usiokuwa wa kuigiza: "Hakuna mtu, mwanangu. Kula ndizi yako."

Biubwa aliuma mkono wake asipige ukelele. Alijilazimisha kufikiri. Musina ni mji wa mwisho kabla ya mpaka. Mbele yake ni daraja la Beitbridge, na ng'ambo ya daraja ni Zimbabwe, kisha Zambia, kisha nyumbani.

"Hutafika," alisema. "Unanisikia? Huwezi kumvusha. Pasi yake ninayo mimi, iko Midrand. Pale darajani wanakagua kila mtoto. Watakukamata, Yasmin. Mrudishe, na mimi nitasema ulikwenda naye matembezi."

Yasmin akacheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyekwisha kuamua.

"Nani kakwambia sisi tunapita darajani?"

Simu ikakatika.

Biubwa alipiga tena. Haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. "Hapiti darajani," alimwambia Gaudence kupitia dirisha lililokuwa nusu wazi. "Amesema hawapiti darajani. Kuna njia gani nyingine?"

Bi Mofokeng tayari alikuwa anaongea na polisi kwa simu, akitaja Musina, akitaja mtoto wa miaka minne. Twalib bado alikuwa magotini, akiulizia maombi yake.

Gaudence alikuwa amewasha gari. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, lakini gari halikuondoka.

"Asiye na pasi hupita mtoni," alisema. "Limpopo. Wapo vijana wanaovusha watu kwa malipo, mnashikana mikono mstari mmoja. Kiangazi maji yanafika magotini." Alitazama anga. "Lakini huko juu mvua imenyesha wiki nzima."

"Umejuaje?"

"Nilipokimbia kwetu ndiyo njia niliyopita, dada." Gaudence akamfungulia mlango wa nyuma. "Panda. Panda upesi. Miye niliingia kwenye maji yale na watoto wawili. Nikatoka na mmoja."